Pete Mguuni mwa Ndege: Barua za Wasomaji Kuhusu Kisiwa cha Helgoland

Katika toleo lililopita, nilipokuwa nikijibu swali kuhusu mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kila kaskazi inapokaribia, niligusia kwa sentensi moja kisiwa cha Helgoland, ambako ndege wahamaji wamekuwa wakivishwa pete kwa zaidi ya miaka mia moja. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko jibu zima. Nimechagua tano, na nimezifupisha bila kubadili maana.

Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha historia katika skuli ya sekondari. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwamba Mwingereza alimpa Mjerumani kisiwa cha Heligoland naye akaachiwa Zanzibar, na kila mwaka hutokea mwanafunzi akauliza Mjerumani alikitakia nini kisiwa hicho. Je, ndicho hicho cha ndege? Na kwa nini ndege wapite hapo na si kwingine?
*Mwalimu wa historia, Unguja*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ndicho hicho hicho. Mkataba ulitiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, ikaacha madai yake juu ya Witu, katika pwani ya Kenya ya leo, nayo ikapewa Helgoland, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekishika tangu mwaka 1807. Neno "kubadilishana", linalopendwa sana na vitabu vya skuli, linapotosha kidogo, kwa sababu Ujerumani haikuwahi kuimiliki Unguja hata siku moja. Ilichotoa ni madai, na mwenye nchi, Sultani Ali bin Said, hakuwa miongoni mwa waliotia saini. Kuhusu swali la wanafunzi wako, kisiwa hicho kinaelekeana na mlango wa mto Elbe, ambao ndio njia ya meli za Hamburg, na Ujerumani, iliyokuwa wakati huo ikichimba mfereji wa Kiel, haikutaka mwamba huo ubaki mikononi mwa taifa lenye manowari nyingi kuliko mataifa yote. Ndege hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, sababu iliyowafanya wanamaji wakitamani kisiwa hicho haiko mbali na ile inayowaleta ndege. Kisiwa kikuu ni mwamba wa mawe mekundu wenye eneo la kilomita moja ya mraba hivi, yaani hakizidi sana Mji Mkongwe wenu, nacho kimesimama peke yake katika Bahari ya Kaskazini, zaidi ya kilomita 40 kutoka bara. Ndege wadogo wanaozaliana Skandinavia huhama usiku. Usiku ukiwa mweupe na upepo ukiwa nyuma yao, wengi hupita juu kabisa bila mtu kuwaona; lakini ukungu ukishuka, au mvua ikiwakuta katikati ya maji, au alfajiri ikiwafumania kabla hawajavuka, hukimbilia nchi kavu iliyo karibu, kama mashua iliyokamatwa na tufani inavyokimbilia kisiwa cha kwanza bila kuuliza jina lake. Ndiyo maana mahali padogo hivyo pameorodheshwa zaidi ya aina 400 za ndege.

Wenyeji walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya wanasayansi, na walilijua kwa njia ya chungu. Kisiwa hakikuwa na miti, kwa hiyo walisimamisha safu za matawi yaliyofunikwa wavu upande mmoja, na ndege aliyechoka, akidhani amepata kichaka cha kujisitiri, aliishia kuwa kitoweo. Mwaka 1837 alifika hapo mchoraji kijana aitwaye Heinrich Gätke, akakaa hadi alipofariki mwaka 1897. Alifanya kazi ya ukatibu kwa magavana wa Kiingereza, na kwa zaidi ya nusu karne akawa anaandika ni ndege gani amefika, siku gani, na kwa upepo upi. Wawindaji na watoto wa kisiwani walimpelekea kila ndege wa ajabu waliyempata. Kitabu chake kuhusu ndege wa kisiwa hicho kilitoka mwaka 1891, na kwa maoni yangu huyo ndiye mwanzilishi halisi wa kituo, ingawa hakuwahi kumvisha ndege pete hata mmoja.

Kituo chenyewe kilianzishwa rasmi mwaka 1910 chini ya Hugo Weigold. Yeye aliutazama ule mtego wa chakula wa wenyeji, akaona kwamba ukirefushwa na kujengwa vizuri unaweza kumkamata ndege bila kumdhuru, akapanda bustani ya vichaka na kuweka humo mitego mikubwa ambayo leo, popote inapojengwa duniani, huitwa kwa jina la kisiwa hicho. Bustani iliangamia pamoja na mji kutokana na mabomu ya mwaka 1945, na tarehe 18 Aprili 1947 jeshi la Uingereza lililipua hapo karibu tani 6,700 za baruti kwa mkupuo mmoja ili kubomoa mahandaki ya kijeshi. Kisiwa kilirudishwa kwa Ujerumani mwaka 1952, vichaka vikapandwa upya, na kazi ikaendelea, ingawa makao makuu ya taasisi yalikwisha kuhamia Wilhelmshaven, bara, na yako huko mpaka sasa.

Ndugu Mwalimu, mimi ni mfugaji wa njiwa, na njiwa wangu huwavisha pete wakiwa makinda, kabla mguu haujanenepa. Hawa wa porini hukamatwaje wakiwa wakubwa, na pete huingiaje? Je, haiwaumizi?
*Mfugaji wa njiwa, Tanga*

Swali lako ni la mtu anayejua kazi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu. Pete ya njiwa wako ni duara kamili, ndiyo maana ni lazima ipite kwenye vidole vya kinda. Pete ya ndege wa porini imekatwa upande mmoja, mfano wa herufi C, na hufungwa mguuni kwa koleo maalumu lenye tundu la kipimo cha pete hiyo, hata midomo yake ikutane pasipo kuachana wala kupandana. Ikiachana, itanasa nyuzi na majani; ikipandana, itambana ndege. Ikifungwa sawasawa, huzunguka na kupanda na kushuka mguuni kama bangili iliyolegea kidogo. Pete za ndege wadogo ni za aloi ya alumini, lakini ndege wa baharini huvishwa za chuma kigumu zaidi, maana chumvi na mchanga hula alumini mpaka namba ikafutika.

Ule mtego wa Helgoland hebu ufikirie kama dema kubwa la nchi kavu. Mdomo wake ni mpana, unakumbatia vichaka kabisa, na kuta na paa lake la wavu wa waya huendelea kujifinya kadiri unavyoingia ndani, hadi mwisho wake kwenye kisanduku chenye kioo. Mara kadhaa kwa siku wafanyakazi hupita bustanini polepole, wakiwasogeza ndege mbele yao bila kelele. Ndege hukwepa watu kwa kuingia ndani zaidi, kisha, akiuona mwanga kwenye kioo, huuendea na kujikuta kisandukuni. Mahali pengine, na siku hizi ni karibu kila mahali, hutumiwa wavu wa nyuzi nyembamba sana, uliotokana na nyavu za wategaji wa Japani na kuingia katika kazi hii Uingereza mwaka 1956. Ukitandazwa mbele ya kichaka hauonekani, na ndege akiugonga huangukia katika mfuko wa wavu huo huo na kukaa humo mpaka atolewe.

Kuanzia hapo kila kitu ni haraka. Ndege hutiwa katika mfuko wa kitambaa, kwa sababu gizani hutulia, na hubebwa hadi mezani. Mshikaji humweka mgongo wake kiganjani, shingo ikiwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, na mshiko huo, ukifanywa na aliyefundishwa, haubani kifua. Huvishwa pete kwanza, ili hata akiponyoka kazi isiwe imepotea bure. Kisha bawa hupimwa kwa rula, umri hukadiriwa kwa kutazama manyoya yapi ni mapya na yapi yamechakaa, na manyoya ya tumboni hupulizwa ili kuona mafuta chini ya ngozi, ambayo huonekana ya manjano kwenye kishimo kilicho juu ya kifua. Mafuta hayo ndiyo akiba yake ya safari. Mwisho huwekwa kwenye mizani, na kuachiwa. Ndege mdogo wa gramu tisa, yaani uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari, huvaa pete isiyofikia hata sehemu ya kumi ya gramu.

Kama inaumiza? Pete yenyewe, ikiwa ya kipimo chake, haimzuii kuruka, kula wala kulea. Hatari iko kwenye wavu. Ndege aliyeachwa humo kwenye jua kali au mvua anaweza kufa, na wapo wanaokufa, ingawa ni wachache sana. Kwa hiyo nyavu hukaguliwa kila baada ya muda mfupi, hufungwa hali ya hewa ikiharibika, na katika nchi zenye utaratibu huu mtu haruhusiwi kugusa ndege peke yake mpaka awe amefundishwa kwa muda mrefu na kupewa kibali. Mimi niliwahi kushikilia mifuko tu usiku kucha, na sikuruhusiwa kutoa hata ndege mmoja wavuni. Nilichukia wakati ule. Sasa naona walikuwa sahihi.

Shikamoo Mwalimu. Kabla ya pete, watu wa Ulaya walijuaje kwamba ndege wao huja Afrika? Na je, kazi kama hii inafanyika kwetu?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Voi*

Marahaba, mwanangu. Kwa muda mrefu hawakujua, walibahatisha. Wapo wasomi waliosema mbayuwayu hulala matopeni chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mshale wa Kiafrika umepenya shingoni mwake. Alikuwa amepigwa huku kwetu, akaruka nao mpaka kwao. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika chuo kikuu cha Rostock. Ulikuwa ushahidi, lakini huwezi kujenga elimu juu ya wapiga mishale wanaokosea shabaha.

Aliyetoa njia iliyo bora ni mwalimu wa shule wa Denmark, Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg, ambaye mwaka 1899 aliwavisha kwezi wa Ulaya pete za alumini zenye namba na anwani. Hapo ndipo ndege alipoacha kuwa "mbayuwayu" tu na kuwa mbayuwayu fulani, mwenye tarehe na mahali. Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete katika mkoa wa Staffordshire, Uingereza, na Desemba 1912 akakamatwa Natal, Afrika Kusini, na mtu mmoja wa huko akaandika barua. Bila barua hiyo tusingekuwa na habari yoyote ya safari yake.

Nisikudanganye, lakini: usidhani kila ndege mgeni unayemwona Voi amepita Helgoland. Wengi wapitao huko huelekea kusini-magharibi, Uingereza, Ufaransa, Hispania, na wengine Afrika Magharibi. Wa kwetu kwa sehemu kubwa hutoka mashariki zaidi, hupita Mashariki ya Kati na kandokando ya Bahari ya Shamu, na kuingia kupitia Ethiopia na Somalia.

Na hapa ndipo ninapokuonea wivu, kwa kuwa unaishi karibu na mahali panapotajwa kote duniani na watu wa kazi hii. Katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi iko hoteli ya Ngulia, iliyojengwa kwenye ukingo wa vilima na kuwekewa taa kali ili wageni waone wanyama usiku. Katika Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukivifunika vilima, ndege wahamaji huvutwa na taa hizo wakashuka kwa maelfu, jambo lile lile lililokuwa likitokea kwenye mnara wa taa wa Helgoland. Tangu mwaka 1969 ndege wamekuwa wakivishwa pete hapo kila msimu, na idadi yao sasa ni mamia ya maelfu. Wako wengi wa aina moja ndogo ya rangi ya kahawia, isiyo na pambo lolote, inayozaliana kwenye vichaka vya mabondeni Ulaya. Huyo, akiwa huku, hujifunza milio ya ndege wetu, na akirudi kwao huiimba yote katika wimbo wake, hata msikilizaji aliyeko Ubelgiji akaweza kuwatambua humo ndege wa Afrika. Ngulia si kisiwa, lakini kwa ndege aliyepotea ukunguni taa hiyo moja ni kisiwa tosha.

Mwalimu, siku hizi kuna setilaiti. Kwa nini watu waendelee kuhangaika na pete zinazopotea?
*Msomaji, Dodoma*

Kwa sababu ya uzito na bei. Korongo anaweza kubeba kifaa kinachowasiliana na setilaiti. Ndege wa gramu tisa hawezi. Kuna vifaa vidogo zaidi vinavyorekodi saa za jua kuchomoza na kuzama, ambazo kwazo mahali alipokuwa ndege hukadiriwa, lakini havitumi habari, hivyo ni lazima ndege yule yule akamatwe tena. Watafiti, akiwamo Franz Bairlein aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Helgoland, waliwafunga ndege wa gramu 25 vifaa hivyo huko Alaska na kaskazini mwa Kanada. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: wale wa Alaska walikuwa wamekuja Afrika Mashariki, karibu kilomita 14,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Walioweza kukamatwa tena na vifaa vyao walikuwa wachache mno.

Pete ina faida nyingine ambayo haitegemei hata kuokotwa. Bustani ya Helgoland hukamata ndege kwa njia ile ile, mahali pale pale, siku baada ya siku, kwa miongo mingi. Ndiyo maana tunajua kwamba ndege wengi wanaorudi kaskazini hupita hapo mapema zaidi sasa kuliko miaka ya 1960. Hakuna setilaiti iliyokuwapo wakati huo kutuwekea kumbukumbu.

Assalaam alaykum Mwalimu. Mwanangu ameokota ufukweni kitwitwi aliyekufa, mguuni ana pete ndogo iliyoandikwa MOSKWA na namba. Majirani wanasema ni ya kijasusi, tuitupe baharini. Nifanye nini?
*Mama wa watoto wanne, Micheweni, Pemba*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Usiitupe, tafadhali. Majirani zako si wa kwanza kuwa na hofu hiyo. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo mmoja aliwekwa kizuizini kwa sababu alikuwa na kifaa cha watafiti mgongoni, mpaka ilipothibitishwa kwamba hana kosa. Pete haina umeme, haina sauti, haioni. Ni kipande cha madini chenye anwani na namba, na MOSKWA ni jina la kituo cha Urusi kinachotunza orodha ya pete za huko. Wala haishangazi kumkuta Pemba: vitwitwi wengi wanaochokoa matope yenu maji yanapotoka wamezaliwa Siberia, hufika kwenu kabla ya kaskazi, na huondoka kusi inapokaribia.

Kwanza, msimguse kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, kwa sababu ndege waliokufa wanaweza kuwa na maradhi ya mafua, na watoto wanawe kwa sabuni. Pili, isafishe pete na kuipiga picha pande zote, kisha andika herufi na tarakimu zote kwa mpangilio wake, hata zile zilizofifia, na pale usiposoma weka alama ya kuuliza wala usibahatishe. Tarakimu moja ikikosewa, ndege wako atageuka kuwa ndege mwingine. Tatu, andika tarehe, mahali mlipomwokota, na alikuwa katika hali gani: amekufa leo, ameoza, amenaswa wavuni, au ameliwa na paka. Msione haya kusema kweli kuhusu jinsi alivyokufa, kwani hata ndege aliyeliwa na watu habari zake ni habari. Taarifa hiyo yaweza kupelekwa kwa njia ya intaneti kwa EURING, umoja wa vituo vya pete vya Ulaya ulioanzishwa mwaka 1963, nao huifikisha kituo kinachohusika, au kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ambako kumbukumbu za pete za kanda yetu hutunzwa. Pete mnaweza kubaki nayo. Kinachohitajika ni namba.

Kwa ndege wadogo, mamia huvishwa pete kwa kila mmoja anayepatikana tena na kutolewa taarifa, na wengi wa hao hupatikana Ulaya kwenyewe, si kwenye fukwe zetu. Majibu huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, lakini mkipewa mtaambiwa alivishwa wapi, siku gani, na alikuwa na umri gani. Yakifika, mwambie mwanao aniandikie.